Mikokoteni Mlangoni kwa Bi Digidigi

Wewe unayebetua midomo, tulia. Hujaona kifaru akisukuma mkokoteni? Mimi nami sijakuona ukiosha sufuria bila kuambiwa, na mama yako anaapa uliwahi. Basi sikiliza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na majirani wasio na haya, Bi Digidigi alikaa kando ya gulio na wanawe wawili. Uwanja ulikuwa wake, aliachiwa na mamaye. Asubuhi moja akasukuma mlango atoke. Ng'o! Mkokoteni wa Kifaru umeuziba. Nyuma yake, wa Kiboko.

Yeye alipenya, maana digidigi ni kijiti chenye macho. Magunia ya mtama je? Hayakupenya. Na mtama ule ulivunwa mbichi. Alipotia mkono guniani, alikuta joto. Mtama ukipata joto huoza, na ndio uliokuwa chakula chote cha wanawe mpaka msimu mwingine. Jua lilikuwa la siku hiyo tu. Kule mlimani wingu lilishakaa.

Akatoka mbio. Akawakuta wenye mikokoteni gulioni wakila muhogo.

"Bwana Kifaru, naomba mwondoe mikokoteni, nianike mtama."

"Mikokoteni ipi?"

"Iliyo uwanjani kwangu."

"Loo! Kumbe pale pana nyumba? Kiboko, wewe uliona nyumba?"

"Niliona kichuguu," Kiboko akasema, muhogo mdomoni.

"Mmeziba mlango, bwana!"

"Mbona wewe umetoka? Gulio likivunjika tutaondoa. Keshokutwa."

"Keshokutwa mtama utakuwa umeoza!"

"Basi pika pombe!" Kwa! kwa! kwa! Wakacheka mpaka muhogo ukawapalia.

Akarudi mbio. Akausukuma mkokoteni kwa bega, kwa kichwa, kwa makalio. Gurudumu halikulia hata kwi! Akatazama mlimani: wingu limenenepa.

"Mama," mwanawe akaita kutoka ndani, "gunia linanuka."

Hapo Bi Digidigi akajifunga kanga kiunoni, mikono kichwani.

"Uwiiii! Jamani, uwiiii!"

Kifaru na Kiboko wakaja tifu, tifu, tifu. Wambeya wale, kelele iwapite?

"Kuna nini?"

"Msiba, ndugu zangu! Msiba umeingia kwangu! Kumbe nyinyi mlijua, ndiyo maana mkaleta mikokoteni mapema. Mungu awalipe!"

"Tulileta?" Kifaru akashangaa.

"Si ndiyo mila? Mkokoteni utakaokutwa uwanjani jamvi la matanga likitandikwa, huo ni wa msiba. Na mwenyewe ndiye msukumaji. Asubuhi maji kutoka mtoni, jioni kuni, mpaka arobaini iishe. Na mimi nilivyokuwa nawaza nani atanisaidia!"

Akavuta jamvi kutoka ndani, akaanza kulikunjua. Polepole. Wakiuliza swali moja tu, ameumbuka.

"Siku arobaini?" Kiboko akauliza.

"Na Tembo atakuja na ukoo wake wote. Mnajua wanavyokunywa maji wale."

Jamvi likabaki shubiri mbili kugusa chini. Shubiri moja.

"Ngoja! Usitandike kwanza, mama!" Kifaru akapiga kelele. Sasa amekuwa mama!

Wakaivuta mikokoteni yao kwaru! kwaru! kwaru! wakikanyagana vidole, mpaka barabarani. Huko ndiko Kiboko alikokumbuka kuuliza.

"Kwani kafa nani?"

"Kupe wangu wa sikioni," Bi Digidigi akajibu. "Alikuwa mzee sana."

Kifaru akageuka. Pembe ikashuka, mguu ukaparura vumbi. Bi Digidigi akalitandika jamvi lote, pa!

"Rudi basi, Bwana Kifaru, rudi na mkokoteni. Jamvi liko chini. Kupe naye ana arobaini yake."

Kifaru akalitazama jamvi. Akautazama mto ulivyo mbali. Akashika mkokoteni, akaenda zake akinung'unika, Kiboko nyuma.

Ndiyo hivyo: mwenye kukimbia mzigo wa jirani haulizi hata nani kafa.

Bi Digidigi hakusubiri vumbi litue. Akamwaga mtama jamvini, gunia la kwanza, la pili, la tatu, jicho moja mlimani. Akaingia kuchukua la mwisho, akatoka nalo, akalimwaga. Jioni wingu liliposhuka, mtama mkavu ulikuwa ndani, akaufunga mlango.