Tawi na Askari wa Kwapani

Mmeketi? — Tumeketi.
Masikio mmekuja nayo? — Tumekuja nayo.
Yafungueni basi, niwatilie maneno. — Tia.

Zamani, zamani ambayo hata babu yangu aliisikia tu, aliishi mfinyanzi aitwaye Sikudhani. Alichimba udongo, akaukanda, akaufinyanga, na vyungu vyake havikuvuja. Lakini hadithi hii si ya vyungu. Ni ya watu waliokaa ndani ya mwili wake, wadogo kiasi kwamba elfu moja wangeketi juu ya punje ya mtama na nafasi ikabaki.

Humo ndani walikuwamo askari, na walikuwamo wapelelezi.

Askari walikuwa na kambi yao kwapani, penye tezi. Walikuwa na nguvu, nguvu kwelikweli, ila adui mzima hawakuweza kumwona. Sharti mtu amkatekate, kisha awashikie kipande mbele ya pua. Na kila askari alijua kipande cha namna moja tu tangu kuzaliwa. Aliyejua mkia alijua mkia. Ukimletea sikio, anakukodolea macho kama mbuzi aliyeulizwa njia.

Kujua mambo, basi, ilikuwa kazi ya wapelelezi. Mmoja wao aliitwa Tawi. Zamu yake ilikuwa kwenye ngozi ya mkono, na mikono yake mwenyewe ilikuwa mingi, imechanua pande zote kama matawi. Alijipenda sana kwa hiyo mikono.

Siku moja Sikudhani alichomwa kidole na mwiba machimboni, na vijidudu vya uchafu vikaingia. Tawi akakimeza kimoja, akakitafuna, akavitundika vipande vyake mikononi, akashika njia ya kwapani. Akamwonyesha askari wa kwanza. "Sikijui." Akamwonyesha wa pili. "Sikijui." Akawaonyesha mia, wote hawakijui. Wa mia na moja akasimama, akasema, "Hicho ndicho changu."

Hapo Tawi akasema maneno matatu ya kazi yake:

"Tazama. Amka. Piga."

Neno la kwanza humwambia askari ni nani wa kumtafuta. La pili humwamsha; asipolisikia hilo, hulala palepale alipo, usingizi wa kutoamshika. La tatu humwambia vita vyenyewe ni vya namna gani. Yule askari akaamka, akajigawa wakawa wawili, wawili wakawa wanne, wanne wakawa jeshi. Wakashuka mkononi. Kwa siku tatu kidole kiliwaka, siku ya nne kikapoa.

Askari wakamfanyia Tawi karamu. "Tawi, jicho letu," wakaimba. "Tawi, jicho letu." Mpelelezi wa watu akaenda kulala akiwa na kichwa kikubwa kuliko chungu.

Msimu wa maua ya migunga ukafika, na vumbi la maua likapaa hadi puani mwa Sikudhani. Vumbi tu, halikumkera mtu. Tawi, ambaye pua haikuwa zamu yake, akajipeleka mwenyewe, akachota kidogo.

Njiani alikutana na Shwari. Huyu alikuwa mpelelezi wa tumboni. Kila siku alipokea maharage, bamia, dagaa, wageni wasio na idadi, na kila siku aliwaambia askari wa huko maneno yake matatu: "Tazama. Tulia. Linda." Hakuna aliyewahi kumfanyia karamu. Nani amfanyie karamu mtu kwa vita ambavyo havikutokea?

"Ndugu yangu, hilo ni vumbi," Shwari akasema.

"Dada, kaa na bamia zako."

Akafika kambini. "Tazama. Amka. Piga, tena piga kwa maji."

Askari wakapanda puani wakapiga kwa maji. Sikudhani akapiga chafya akiwa sokoni, akapiga chafya mazishini, akapiga chafya usoni pa jumbe aliyekuja kuagiza mtungi. Mwezi mzima. Maua yalipomaliza msimu wake na kudondoka yenyewe, askari wakatangaza kwamba wameshinda. Ikafanywa karamu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Kisha ukaja utulivu. Hapakuwa na mwiba, hapakuwa na ua. Tawi akapita kambini, akasimama kidogo pale penye watu wengi, akakohoa. Hakuna aliyeinua kichwa. Askari mmoja akamuuliza mwenzake, "Yule nani?"

Neno lile lilimkata ndani. Akarudi kwenye zamu yake, akakaa, akaona kipande cha gegedu, ule mfupa laini wa viungoni, kimeanguka kutoka kwenye kiungo cha kidole. Ni taka za kila siku; vya nyumbani huchakaa, huanguka, huzolewa. Na hapa msije mkasema hakujua. Alijua. Alikishika kile kipande muda mrefu, moyo ukimwambia akiweke chini, masikio yakimkumbusha wimbo. Akasikiliza masikio.

Sasa, huko shuleni kwa askari, yeyote anayeonekana kuijua nyama ya nyumbani hafuzu, huondolewa. Lakini shule ni shule. Mmoja alikuwa amepenya. Alikuwa amekaa kambini miaka, kimya, hana kazi, hadi Tawi alipomfikia na kile kipande.

"Hicho ndicho changu," akasema, machozi yakimlenga.

"Tazama. Amka. Piga."

Wakashuka viungoni mwa vidole, maelfu kwa maelfu, wakapiga.

Asubuhi Sikudhani aliamka vidole havikunjiki. Mumewe, Mwinjuma, akavishika. Vilikuwa moto.

"Vimekuwaje, mke wangu?"

"Vimenikataa."

Akajaribu kukanda udongo. Chungu cha kwanza kikaegemea upande. Cha pili kikapasuka. Cha tatu hakukimaliza. Aliweka mikono mapajani akakaa akiitazama, kama mikono ya mtu mwingine.

Moto ukafika hata kwenye ngozi, zamuni kwa Tawi. Majirani zake wakaungua. Akashuka mbio viungoni, akamkuta yule askari.

"Inatosha. Huyu si adui."

"Ulisema piga."

"Nilikosea."

Askari akafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. "Neno hilo," akasema, "hatukufundishwa." Akaendelea kupiga.

Tawi akaenda tumboni kwa miguu mizito. Alimkuta Shwari anapokea kunde. Akamweleza yote bila kujitetea. Pengine ndiyo mara pekee maishani mwake.

Shwari hakumkemea. Alinyoosha mkono. "Kile kipande unacho?"

"Ninacho."

"Nipe."

Akakipeleka kwapani. Hakuwaendea walioamshwa; hao masikio yao yalikwisha jaa. Aliwaendea askari wapya. "Sikijui," wakasema, "sikijui," "sikijui," hadi akapatikana mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Tazama. Tulia. Linda."

Hao wakawa watulizaji. Wakajigawa wakawa wengi, wakashuka vidoleni, wakakaa katikati ya wapigaji, wakawashusha mikono mmoja mmoja. Na kila walipokutana na mpelelezi mwenye kelele, walimsogelea wakamchomoa neno moja kinywani: lile la "Amka".

Haikuwa kazi ya siku moja. Ilipita mvua, ikapita mvua nyingine. Vidole vinane vya Sikudhani vikarudi kama vilivyokuwa. Viwili vilibaki vimepinda, na vimepinda hadi leo. Lakini alikanda udongo, akafinyanga chungu, na Mwinjuma alipokisogeza juani, hakikuvuja wala hakikupasuka, ila mdomo wake ulikaa upande.

Kule kambini ikaitishwa karamu ya tatu. Mnadhani ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Tawi. Askari walisema kwamba kwa kuwa vita vilianza kwa neno lake, basi na amani imetoka kwake. Wakamwita Baba wa Amani. Shwari hakuwapo, mchana huo kulikuwa kumeingia dagaa.

Tawi angeweza kuwaambia ukweli. Alitazama nyuso zile elfu zikimngojea, wimbo ukaanza, "Tawi, jicho letu", na kifua chake kikajaa tena kama zamani. Akainua mikono yake yote, ameshika humo kipande cha sijui nini alichookota njiani, akafungua kinywa kuhutubia.

"Tazama," akasema.

Akalitafuta neno la pili. Hakulikuta. Watulizaji walikuwa wamekwisha pita.

"Piga," akasema.

Askari wa mbele akapiga miayo. Wa nyuma yake akainamisha kichwa. Safu kwa safu wakalala, usingizi ule wa kutoamshika, na Baba wa Amani akabaki amesimama na mikono juu, akiuhutubia mkoromo.

Basi funzo lake ni hili: anayekuletea habari za adui, usitazame kipande alichoshika tu, muulize amekiokota wapi, na karamu ya mwisho alifanyiwa lini.

Nami nimefikia ukingo wa hadithi yangu, sivuki. Ikikupendeza, mpelekee jirani. Isipokupendeza, usinilaumu, wale mnaowaona wamesinzia pale nyuma ndio mashahidi wangu kwamba niliisimulia vizuri.