Jina la Kuandikwa Kwenye Kombi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana wote waliokuwapo bado wanakula na kunywa, paliondokea mume na mke katika mji wa Tukuyu. Mume aliitwa Ambakisye, dereva wa malori kwa miaka thelathini na mitatu. Mke aliitwa Tusekile, mwalimu wa darasa la kwanza. Mume alikuwa mtu wa kwenda, mke alikuwa mtu wa kungoja. Mume akirudi husimulia: nimeona maporomoko, nimeona tembo wamelala barabarani, nimeona milima yenye baridi ya kukata masikio. Mke husikiliza huku akisahihisha madaftari.

Mume alipostaafu, mke akamwambia, "Baba Gwakisa, hadithi zako nimezisikia za kutosha. Sasa nipeleke nikazione."

Wakanunua kombi kuukuu. Wakang'oa viti, wakatia kitanda, wakatia jiko la gesi, wakatundika mapazia ya maua yaliyoshonwa na Tusekile mwenyewe. Kazi ile iliwachukua miaka miwili. Kisha wakafunga mlango wa nyumba, wakaondoka.

Basi wakatembea. Asubuhi jua, mchana mvua, jioni upepo. Walikula walipotaka, walilala walipofika. Tusekile akagundua kwamba mumewe huimba akiendesha. Miaka yote ile ya ndoa hakuwa anajua! Akawa ananyamaza makusudi ili asimkatize.

Siku ya kumi na mbili wakapanda uwanda wa Kitulo. Jua lilikuwa linawaka, na maua yamechanua bonde zima, ya njano, ya zambarau, meupe, hata majani huyaoni.

"Simama, Baba Gwakisa," Tusekile akasema. "Simama hapo hapo."

"Hapo ni mteremko, mama."

"Dakika tano tu."

Ambakisye akasimama, akavuta breki ya mkono. Tusekile akashuka, akaingia katikati ya maua. Dakika tano zikawa nusu saa. Mume hakumharakisha. Alichemsha chai, akampelekea kikombe kule kule alikochuchumaa.

Mara wingu likawafunika kama mfuniko wa sufuria. Ikapiga mvua ya mawe, wakakimbilia ndani ya gari, na kelele za bati zikawa nyingi hata hawasikilizani. Mawe yakaisha, ikaja mvua. Mvua ikaisha, ukaja ukungu. Barabara ya udongo ikawa sabuni tupu.

Ambakisye akageuza ufunguo. Injini kimya. Akageuza tena. Kimya. Akashuka atazame maji yameingia wapi, na hapo ndipo waya wa breki ya mkono ulipokatika, pap! Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea korongoni.

Tusekile hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Lakini siku kumi na mbili alikuwa ameitazama miguu ya mumewe. Akarukia kiti cha dereva, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama. Nyuma yake zilibaki hatua saba, kisha korongo.

Ambakisye akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe likazama matopeni. Akatia la pili. Likazama. Akapenyeza mkono dirishani, akatia gia, lakini gia za gari lile zilikuwa zimechoka, ikachomoka.

"Ruka, mama! Achia, liende! Gari ni bati tu!"

"Si bati," Tusekile akasema, meno yameumana. "Ni nyumba yangu. Nenda katafute watu."

"Nikuache hapa?"

"Umeniacha mara ngapi, Baba Gwakisa? Nenda. Ila leo usichelewe."

Mume akaenda. Hatua kumi tu, ukungu ukammeza.

Tusekile akabaki na breki yake. Injini ikiwa imezima, breki ya gari huwa ngumu kama jiwe, nawe ukilegeza kidogo tu, gari linasogea. Alilegeza mara moja, likasogea hatua nzima. Hakurudia. Ili asisikie maumivu, akaanza kuita mahudhurio. Akaita majina ya watoto wa darasa lake la kwanza kabisa, mmoja mmoja. Akamaliza, akaita la mwaka uliofuata. Mapaja yakatetemeka, akashikilia. Vidole vikafa ganzi, akashikilia. Alikuwa amefika darasa la mwaka wa kumi na moja aliposikia kengele za ng'ombe.

Ambakisye akatokea ukunguni, tope mpaka kiunoni, kiatu kimoja hana, anachechemea. Nyuma yake alikuja mwanamke aliyejifunika gunia kichwani, akiongoza maksai wawili, mnyororo begani. Ndiye Esnati Chaula, mkulima wa viazi.

"Shikamoo, mama," Esnati akasema, kana kwamba wamekutana kisimani. "Usiachie kwanza."

Akafunga mnyororo, akamwambia Tusekile alegeze breki maksai wakivuta, aikanyage tena wakiteleza. Maksai wakavuta, wakateleza, wakapiga magoti. Esnati hakuwachapa. Aliwashika pembe, akawasemesha kwa Kikinga, akawainua. Wakavuta tena, wakateleza tena. Mara ya tatu gari likatoka, likapanda mpaka kwenye majani, mahali tambarare.

"Sasa achia kabisa, mama."

Tusekile hakuweza. Miguu ilikuwa imekataa kutii. Ambakisye akapiga magoti matopeni, akaiinua kwa mikono yake, mmoja, kisha wa pili.

Wakavutwa mpaka kijijini, na jua likatoka kama halijafanya kosa lolote. Wakapewa viazi vya moto na chai. Mbele ya duka palikuwa na fundi rangi, Jailosi, anaandika ukutani. Akalizunguka gari, akastaajabu.

"Gari zuri hivi halina jina?"

Kweli, halikuwa nalo.

"Basi liitwe kwa jina la aliyeliokoa," akasema mwenye duka, na watu wote wakapiga makofi. Jailosi akachovya brashi. "Haya. Niandike nani?"

"Andika Tusekile," Ambakisye akasema upesi. "Mimi nilimwambia aruke. Mimi, dereva mzima, nilishakata tamaa. Asingeshikilia, maksai wangekuta vyuma korongoni."

"Andika Ambakisye," Tusekile akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Yeye alitumbukia mtoni, akateguka mguu, akafuata sauti ya kengele bila kuona mbele. Angeweza kwenda kijijini akaota moto, akatuma watu. Akarudi kwa mguu ule ule. Nami kukaa nikingoja nilishazoea. Kurudiwa mapema hivi ndiyo mara ya kwanza."

Watu wakacheka, Ambakisye akainamisha kichwa.

Esnati akaweka kikombe chini. "Wazee wangu, mimi sitaona haya. Jina nalitaka. Leo lilikuwa linakuja lori la mnada kununua viazi, nami nilikuwa njiani na viazi vya msimu mzima. Mkokoteni wenye mzigo ukiufungua maksai unapinduka, basi nilivimwaga matopeni kwa mkono wangu, nikawafungua. Lori limekwenda zake. Sikuwajua ninyi, hamkuwa ndugu zangu. Mama aliokoa nyumba yake, baba aliokoa mke wake. Mimi niliokoa nini changu? Na tena, mimi mwenyewe sijawahi kuvuka mlima ule. Basi jina langu na livuke."

Hapo watu wote wakasema kwa pamoja. Wazee wa kiume wakapiga kelele kwamba aliyekwenda ndiye. Walimu wa shule ya kijiji wakasema aliyeshikilia ndiye. Wakulima wakasema hawataki kusikia jina jingine ila la Esnati. Mzee mmoja akasema yaandikwe majina ya maksai, akazomewa.

"Rangi inakauka!" Jailosi akalia. "Mlango wa kombi ni mdogo, unatosha jina moja tu!"

Tusekile akaanika miguu yake juani, akawatazama wanavyobishana, akajimiminia chai nyingine. Hakuwa na haraka.

Nanyi mlioketi hapa mkinisikiliza, brashi ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani: la aliyeshikilia, la aliyekwenda akarudi, au la aliyevuta?