Kipago cha Sita

Mwanamke mmoja alikuwa na picha mbili za mlima mmoja. Ya kwanza, isiyo na rangi, ilipigwa na padri mgeni miaka sitini iliyopita. Ya pili aliipiga mwenyewe. Aliitwa Veridiana, na kazi yake ilikuwa kuchukua picha ya zamani na ya sasa za mahali pamoja na kuzishona kwenye kompyuta ziwe moja, waliokufa na walio hai wakisimama chini ya anga moja. Kijiji chake kilimwagiza picha ya namna hiyo kwa jubilei ya kanisa. Baada ya ibada, watu wangepiga kura: wabaki, au wahame. Korongo lilikuwa limekula mashamba, na neno lilikuwa moja midomoni mwa wote, kwamba Mungu aliwapa ardhi mbovu tangu mwanzo. Veridiana alizaliwa hapo, na mama yake alizikwa hapo. Hakutaka kuhama, wala hakuwa na hoja ya kuwazuia wenzake.

Kazi ikamshinda. Katika picha ya padri, wanawake watatu wameketi juu ya jiwe bapa, nyayo zao zimezama kwenye nyasi, na nyuma yao msalaba wa kanisa unagusa kilele cha mlima. Yeye kila alipopiga, msalaba ulipita kilele ukasimama angani. Na jiwe la kukalia hakuliona. Palikuwa na jiwe moja tu, refu kumpita mtu, ambalo wachunga mbuzi walijificha jua nyuma yake.

Siku tatu alihangaika. Siku ya nne akafanya wanachofanya waliochoka: akaivuta picha ya padri huku na huku mpaka msalaba ukakubali. Kompyuta haibishi, ukiiambia mlima urefuke, unarefuka. Mzee Salufu, mwenyekiti wa kijiji, akaiona, akaisifu, akasema ichapishwe upesi. Lakini Veridiana alipomtazama mwanamke wa katikati, bibi yake mzaa mama, aliona amemvuta uso hata amefanana na punda. Aliona haya, haya kweli kweli, kumsingizia marehemu sura isiyo yake. Akaifuta picha yote. Ndipo akajiuliza kwa mara ya kwanza kama kosa liko kwenye picha ya padri, au liko pale aliposimama yeye.

Asubuhi akaazima ngazi ya kanisani, ile ya kupakia rangi dari, akaisimamisha mbele ya jiwe refu. Alipopanda kipago cha kwanza, msalaba ukashuka kidogo. Cha tatu, ukashuka zaidi. Alipokanyaga kipago cha sita, msalaba ukatua juu ya kilele, sawasawa. Na lile jiwe refu, kutoka juu, likawa jiwe bapa la kukalia. Akalia palepale juu ya ngazi.

Siku ya jubilei picha ikafunuliwa. Wale wanawake watatu walikuwa juu ya jiwe, bila rangi kama katika picha ya padri, nyayo zao hewani. Chini ya nyayo hizo, wajukuu wao wenye rangi wamesimama kwenye udongo mwekundu. Watu wakanung'unika. Mzee Salufu akainuka kwa hasira, akasema picha ina kosa, mabibi hawawezi kuelea.

"Picha haina kosa, mzee wangu," Veridiana akasema. "Sisi ndio tumeshuka."

Akamwonyesha ngazi, aliyoiacha palepale mbele ya jiwe. Mzee akapanda kwa ubishi wake wote mpaka kipago cha sita. Akashuka, akamshika mkono mkewe, naye akapanda. Kijiji kizima kilipanga foleni, na kura haikupigwa. Walikuwa wamepewa ardhi njema, wakaikata miti, wakaijaza ng'ombe, na mvua ikaubeba udongo wake. Sasa walijua ilikuwa ya kimo gani.

Wakarudi kwenye korongo wakibeba mawe. Wakajenga kuta za kuzuia udongo, wakapanda majani ya tembo, wakaondoa ng'ombe mlimani. Kila mwaka, siku kama ile ya jubilei, Veridiana huleta ngazi. Mwaka wa nne msalaba ulitua kwenye kipago cha tano, na vigelegele vilisikika ng'ambo ya pili ya mlima. Mwaka huu, mvi zimemjaa kichwani, umetua kwenye cha pili! Mzee Salufu, anayetembelea mkongojo sasa, alisaidiwa kuketi juu ya jiwe. Akavua kiatu, akanyoosha mguu, na kidole gumba kikagusa nyasi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Na wewe unayesikia, siku ulipoona maisha yako hayalingani na ya waliokutangulia, uliivuta picha yao, au ulitafuta ngazi?