Safu Fupi ya Mwanasiti

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, simu zimeshajaa mifukoni, Mikindani kulikuwa na binti akiitwa Mwanasiti. Yatima. Kalelewa na shangazi yake, Bi Mwanahawa, mwanamke mkali, hakopeshi neno. Mwanasiti akachumbiwa na Sudi, kijana wa ukoo mkubwa, ukoo ambao ukianza kuuhesabu utachoka.

Siku hizo mwaliko wa harusi ulikuwa ukurasa wa mtandaoni. Mwanasiti akawapa kazi mashoga zake watatu wenye duka la kompyuta pale stendi: Siwema, Mwatumu na Hidaya. Wakaweka safu mbili ubavu kwa ubavu, kushoto ndugu wa bibi harusi, kulia ndugu wa bwana harusi, majina na picha, kila safu na rangi yake.

Lahaula! Safu ya Sudi ikateremka mpaka chini kabisa. Ya Mwanasiti ikaishia juu, kipande tu, chini yake peupe.

Bi Mwanahawa akavaa miwani. "Hiki nini? Mnamvisha binti yangu kanga fupi mbele za watu? Kwetu harusini pande mbili hukaa jamvi moja. Ukurasa huu ukienda hivi kwa watu, harusi hamna. Posa yao nairudisha!"

Msidhani alikuwa anatania. Mwanasiti akalia, maana alimpenda Sudi kweli. Binamu mmoja akasema, "Tuongeze ndugu wa kubuni." Shangazi akamjibu, "Tukawaokote wapi, sokoni?" Mwingine akasema wapunguzwe wa Sudi. Thubutu! Akatwe nani, mjomba au baba mkubwa?

Ndipo Mwanasiti akawaambia mashoga zake, "Binti yangu wa kwanza, Mungu akinijalia, nilikuwa nimemwekea jina la marehemu mama. Leo nalitoa. Atakayesawazisha safu hizi, mwanangu ataitwa jina lake." Si ahadi ndogo hiyo, jamani.

Siwema akasema, "Mwenzetu ana ndugu wachache, lakini uchache si sababu ya kupewa jamvi fupi. Tusiongeze mtu, tusikate mtu. Tulinyooshe jamvi! Safu fupi ipewe urefu wa ile ndefu, watu wabaki walewale."

"Urefu gani?" wakamuuliza. "Simu hii safu inakuwa ndefu, simu ile inakuwa fupi."

"Hapo sasa," akasema Siwema, "nimefika mwisho."

Mwatumu akakaa kwenye kompyuta. Akaandika amri za kufanya kazi zenyewe ndani ya kila simu, mara ukurasa unapofunguka: pima hii, pima ile, iliyo ndefu chukua urefu wake, mpe na mwenzie. Pima hii, pima ile, sawazisha. Wakafungua pale dukani. Aisee, safu zimesimama sawa kama waumini msikitini! Vigelegele mpaka stendi nzima ikageuka.

Bi Mwanahawa akafungua kwake, mtandao wa kuvutavuta. Mwanzo sawa. Akatulia kidogo, mara safu ya Sudi ikaanza kurefuka, ikaipita ya mwanawe. Akaja dukani mbiombio. "Mmenichezea shere!"

Mwatumu akazipitia amri zake, kosa hakuliona. Hidaya akaiomba simu ya shangazi. Akafungua, akatazama. Akafunga, akafungua tena, akatazama.

"Shoga, amri zako hazina kosa, zina haraka. Zinapima watu hawajafika wote! Picha za kina Sudi zinachelewa, zikifika zinaisukuma safu chini, na wewe umeshapima umeondoka. Ziambie zingoje picha ya mwisho, ndipo zipime. Na mtu akiigeuza simu ubavu, zipime upya."

Mwatumu akaandika hivyohivyo. Bi Mwanahawa akafungua, akangoja, akaigeuza simu hivi, akaigeuza vile. Sawa! Akavua miwani akafuta macho. "Sasa mwanangu kakaa jamvini. Haya, pigeni ngoma."

Harusi ikafana. Mwaka haujapinduka, Mwanasiti kajifungua mtoto wa kike, mashallah, huchoki kumtazama. Siku ya akika mashoga wote watatu wakaja.

Siwema akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnagombania wa kukatwa. Njia nimeionyesha mimi."

Mwatumu akasema, "Njia bila mwendaji ni majani tu. Amri nimeandika mimi, na mpaka leo ndizo zinazopima."

Hidaya akasema, "Zilipima, na posa ikawa inarudi kwao. Aliyejua kungoja ni mimi."

Kweli tupu, wote watatu! Mimi nawavulia kofia. Sudi, masikini, akajaribu: "Tumwite majina yote matatu."

"Huyo ni mtoto au daftari la mahudhurio?" Bi Mwanahawa akamkata.

Mwanasiti akamkumbatia mwanawe. Akasema taratibu, "Hapa palikuwa pa jina la mama yangu. Nimempisha mtu mmoja tu. Sina pa kuweka watatu."

Mbuzi kashachinjwa, shehe kashafika, anauliza mtoto anaitwa nani. Haya, nyie mliokuwa mnapiga vigelegele, semeni sasa: jina la marehemu limepisha. Je, nani alistahili kukaa pale?