Kiboko Aliyechipua Maua

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa wakibisha hodi na kukaribishana uji, Bibi Digidigi na mumewe walikuwa na bustani ya maua kando ya mto. Waliirithi kwa wazee wao. Wageni walitoka mbali kuja kuitazama, na kila aliyeingia alitoa kibaba cha mtama langoni. Mtama huo ndio uliowalisha watoto.

Siku moja akaja Kiboko. Hodi hakubisha, mtama hakutoa. Alilisukuma lango, gwaa! Likaanguka.

"Karibu, Bwana Kiboko," akasema Bibi Digidigi. "Lakini maua yetu ni ya kutazama tu."

"Mimi hutazama kwa mdomo!"

Kafu! Kafu! Akafyeka tuta zima la mawaridi. Kisha akagaagaa kwenye tope la dimbwi la kumwagilia, akalala fofofo.

Kesho yake akarudi. Keshokutwa, yuleyule. Wageni wakanuna.

"Tumekuja kutazama maua au vikonyo?" Twiga akauliza. Akachukua mtama wake, akaenda zake.

Bwana Digidigi akashika kichwa. "Mke wangu, tuhame. Nani awezaye kupigana na mlima?"

"Nani kasema kupigana? Niitie watoto. Waje na miche."

Kiboko alipokuja tena, Bibi Digidigi akapiga ukelele. "Baba weee! Usile hayo ya manjano! Mbegu zake huota tumboni, zikachipukia mgongoni!"

"Porojo!" Kafu! Kafu! Akashiba, akagaagaa topeni, akalala. Korrr! Korrr!

Watoto wa Digidigi wakampanda mgongoni, nyatu nyatu. Kwenye lile tope zito wakachomeka miche, hii ya manjano, hii myekundu. Kitinda mimba akasimika alizeti katikati ya kichwa. Wakashuka wameziba midomo wasicheke.

Mara familia ya Pundamilia ikaingia kutembea.

"Mama, tazama!" mtoto wao akapiga kelele. "Bustani imefumbua macho!"

Kiboko akageuka huku na huku. "Bustani gani?" Akainamia dimbwi, akajiona majini. Alizeti nayo ikainama, ikamtazama.

"Mamaaa! Nimechipua!"

"Si nilikwambia, baba?" akasema Bibi Digidigi kwa huruma. "Bahati yako mizizi haijafika moyoni. Kimbilia mtoni ukazame! Na usisogelee ua tena maisha yako. Harufu yake tu huziamsha mbegu zilizobaki."

"Kwani zimebaki?"

"Tele!"

Kiboko akatoka mbio, tifu tifu tifu, ardhi ikitetemeka, petali zikipeperuka nyuma yake. Chubwi! Mama Pundamilia alicheka hadi akakaa chini.

Tangu siku hiyo, Kiboko akipita karibu na bustani hubana pua na kuharakisha. Ukimwuliza kwa nini, hakujibu, kwa kuwa hathubutu kuvuta pumzi.

Basi, wanangu, mwenye nguvu akikosa adabu, hata ua humkimbiza.