Gemu ya Kijivu na Kiti cha Baba

Kiti kilichokosa mwenyewe hakikai kitupu siku zote. Atakuja mwingine akikalie, na chakula kilichoandaliwa mbele yake atakila yeye, na maneno yaliyopangwa kusemwa hapo atayasema yeye, tena huenda akayasema vizuri. Wazee wetu walipotunga methali juu ya mtu asiyefika, hawakuuliza alikuwa wapi wala alizuiwa na nini. Walitazama fungu lake tu, wakaona limekwisha kwenda kwa mwingine. Aminiel, fundi redio na simu wa mjini Babati, alikuwa na sababu nzuri sana ya kutofika. Haikumsaidia kitu.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi. Ndani, mkabala na meza ya kazi, palikuwa na kabati la vioo. Mteja mgeni alidhani humo mna simu za bei mbaya, akainama kutazama, akakuta gemu za zamani za mkononi. Zilikuwamo zile za matofali yanayoshuka moja moja, mchezaji akayapanga mpaka mstari ukajaa na kufutika. Zilikuwamo za nyoka anayerefuka kila anapokula, na nyingine ndogo za kutundika kwenye funguo. Aminiel alizitafuta minadani, kwenye marobota ya mitumba na kwenye maboksi ya mafundi wenzake ya vitu vilivyoshindikana. Akiipata moja aliifungua, akasugua kutu ya betri kwa mswaki na spiriti, akaunga waya uliokatika. Siku ilipolia tena mlio wake wa kuwaka, alikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa habari kwamba amepata mtoto.

Jirani yake, Mama Careen, fundi cherehani mwenye ulimi usiolala, hakumwacha apumue.

"Fundi, wenzako wanaoa, wewe unaongeza gemu. Ukizeeka zitakuchotea maji?"

"Zitachota tu, Mama Careen. Mradi nisisahau kuzitia betri."

Mama Careen alicheka, lakini hakujua. Kabati lile lote lilikuwa ahadi ya mtoto mmoja kwa mwingine.

Zamani, Aminiel alipokuwa shule ya msingi, baba yake Mzee Adrian alirudi kutoka Arusha na gemu ya matofali. Ilikuwa ya kijivu, vitufe vyake vya njano. Kila jioni pale kwao Nakwa, Mzee Adrian aliketi kwenye mkeka, Aminiel upande huu, mdogo wake Noela upande ule, wakapokezana. Baba alikuwa mchezaji mbovu kupindukia. Matofali yake yalirundikana mshazari mpaka juu, naye akalalamika kwamba Wachina wamemwonea, na watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Aminiel alipokuwa mkubwa ndipo alipotambua kwamba hakuna mtu anayeweza kuwa mbovu kiasi kile bila kukusudia.

Kisha Mzee Adrian akaugua, akafa. Nyumba ikajaa watu wa msiba, na watu walipotawanyika gemu haikuonekana. Katika msiba wenye nyumba hukagua masufuria na mikeka. Kitu cha watoto hakuna anayekikumbuka. Noela alilia kwa kuipoteza, akalia mpaka sauti ikamkauka, na majirani wakamcheka kwamba anaomboleza gemu. Mtoto yule alikuwa mdogo mno kujua namna ya kumlilia baba. Aminiel alimshika mkono akamwambia, "Nyamaza. Nitakutafutia." Akaanza kutafuta, na utu uzima ukamkuta bado anatafuta. Kila aliyoipata alimpelekea Noela, naye aliigeuzageuza, akatabasamu kwa huzuni na kusema, "Inafanana, kaka." Hiyo ikaenda kabatini.

Noela alipopata mchumba, kijana Mpare wa Same aitwaye Herieli, familia ilipanga sherehe ya kumuaga, sendofu kama tunavyoiita. Katika sherehe hiyo bibi harusi huwapelekea keki wazazi waliomlea. Kwa kuwa baba hayupo, kaka mkubwa ndiye angekalia kiti chake, apokee keki kwa niaba yake, kisha amshike bibi harusi mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Noela aliyasema mapema, wakiwa jikoni wanachambua mchele.

"Kaka, mimi sitaki hotuba wala zawadi. Nikifika na keki kwenye kiti cha baba, nataka nikukute wewe."

"Nitakuwa wapi tena?" Aminiel alimjibu.

Sherehe ikiwa imekaribia, Hamdani, mfanyabiashara wa vitu chakavu wa Kondoa, alimtumia picha kwenye simu. Gemu ya kijivu. Vitufe vya njano. Moyo ulimruka Aminiel. Palepale akaona sendofu nzima machoni pake: Noela anakuja na keki, yeye anapokea, kisha anaingiza mkono mfukoni na kumwekea gemu ile kiganjani mbele ya watu wote. Ingekuwa kana kwamba baba mwenyewe amekuja kumuaga. Hamdani alikuwa safarini, angerudi Kondoa asubuhi ya siku ileile ya sherehe. Alisema angeweza kuituma kwa basi baadaye, lakini Aminiel alikataa katakata. Baadaye ingekuwa na maana gani?

Mama yake alimkuta asubuhi anavaa viatu.

"Mwanangu, leo? Kadi inasema saa nane mchana."

"Mama, lini umeona sherehe ya saa nane hapa Babati ikaanza saa nane? Wakijitahidi sana ni saa kumi. Kondoa naenda na kurudi."

"Wakwe zetu wanatoka mbali, na ni watu wa saa."

"Nao ni Watanzania, mama," Aminiel alisema akicheka, akapanda bajaji kwenda stendi.

Kondoa alifika mapema. Hamdani alimkaribisha stoo, akampa gemu ile, naye Aminiel akatia betri alizokuja nazo. Ikalia. Matofali yakaanza kushuka. Ilikuwa yenyewe kwa kila kitu, hata ule mlio wa kukwaruza wa kuanzia, na macho yake yakajaa machozi mbele ya mtu asiye ndugu yake. Laiti angeinuka wakati ule! Lakini Hamdani, kwa wema tu, alivuta gunia kutoka pembeni.

"Fundi, na hizi je? Zilikuja pamoja."

Mwenye kupenda kitu hajui kuagana nacho. Aminiel alipiga magoti mbele ya gunia akaanza kuchambua, akisema hii moja tu, kisha na hii, kisha na hii. Alikuwa bado amepiga magoti simu ilipoita. Alikuwa Rogath, mtoto wa baba yake mdogo, mnunuzi wa mbaazi kutoka Sigino.

"Kaka, uko wapi? Wakwe wameshakaa ukumbini. MC anataka kuanza."

"Niko Bonga hapa, naingia," Aminiel alijibu.

Bonga ni mlangoni pa Babati. Mtu akiwa Bonga, unaweza kumwekea chai mezani isipoe. Kondoa ni safari nzima. Tusimcheke sana, maana ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuwa Bonga angali Kondoa? Ni uongo wa kila siku, hata aliyedanganywa kwa kawaida hupunguza mwenyewe, akajua bado uko mbali. Ila siku ile Rogath hakupunguza. Alidhani kwamba mtu hawezi kuifanyia utani siku ya dada yake.

Kama Aminiel angesema kweli, jambo lingepata dawa. Keki ingesogezwa mpaka baada ya chakula, na hakuna ambaye angelalamika. Lakini kwa kuwa alikuwa Bonga, mama yake alimwomba MC asibadili ratiba, asubiri kidogo tu, kijana anaingia. MC akasubiri. Akapiga muziki, akaongeza muziki, akasimulia vichekesho vyake vyote mpaka akavirudia. Wakwe walianza kutazamana. Hatimaye mshenga wao aliinuka, akaomba radhi kwa adabu na kusema wenzake wana safari ndefu. MC akaita mwakilishi wa marehemu Mzee Adrian. Kimya. Akaita jina la Aminiel. Kimya. Noela alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na sahani ya keki mikononi, macho yake mlangoni.

Mama alimgusa Rogath bega. Rogath hakuwa mtu wa kutafuta ukubwa. Alisita, akatazama mlango naye, kisha akaenda akaketi kwenye kiti cha baba. Alilishwa keki. Alisimama akasema maneno machache mazuri kuhusu baba yake mkubwa, watu wakafuta macho, akamshika Noela mkono na kumkabidhi. Mambo yalikwenda vizuri sana. Hilo ndilo lililomuuma Aminiel kuliko yote alipokuja kusimuliwa.

Aliingia ukumbini jua likizama, vijana wakipanga viti vya kukodi juu ya gari. Noela alikuwa bado na gauni lake, ameketi peke yake karibu na meza kuu. Aminiel alimwendea. Aliitoa gemu mfukoni akamwekea mapajani.

Noela aliigeuzageuza. Aliiwasha. Ukatoka ule mlio wa kukwaruza.

"Ndiyo hii," alisema. "Kaka, ndiyo hii kabisa."

"Nilitaka uipate leo. Nilitaka baba naye..."

"MC alimwita baba, hakuna aliyeitika," Noela alimkatiza, machozi yakimdondoka. "Nikasema si kitu, baba nimeshazoea kwamba hayupo. Akakuita wewe, hakuna aliyeitika. Kaka, leo nimefiwa mara ya pili, mbele za watu, na keki mkononi."

Hakumtukana wala hakuitupa gemu ile. Aliizima, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani. "Iweke kabatini," alisema. Aminiel alitamani apigwe kofi.

Kwenye ndoa, kule Same, Aminiel alikuwapo. Aliketi benchi la wageni. Wakwe walimjua Rogath, wakamweka mbele Rogath, wakamwita baba. Noela akahamia huko. Alipiga simu mara kwa mara, kwa sauti ya upendo na adabu, akamwuliza kaka yake habari za kazi na za mvua. Aminiel alimjibu, na simu ilipokatika alibaki ameishika, akitamani lile neno la utotoni ambalo mdogo wake alilisema bila kufikiri, "Njoo." Halikuja.

Noela akajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wa Herieli kulikuwa na desturi kwamba jina moja la mtoto litoke upande wa mama, na litamkwe na yule aliyemkabidhi bibi harusi. Wakwe wakafunga safari mpaka Babati na Noela na mtoto, wakapita mbele ya stendi, wakakipita na kibanda cha Aminiel kilicho nyuma yake, wakaenda moja kwa moja Sigino nyumbani kwa Rogath.

Aminiel aliwahi Sigino siku hiyo kuliko wapishi. Usiku uliotangulia hakupata usingizi kwa kulifikiria jina moja tu: Adrian. Alitamani damu ya baba yake iitwe tena kwa jina lake, likimbie uani, likemewe, litumwe dukani. Mara mbili aliinuka kwenda kumwomba Rogath, mara mbili akaketi. Angemwomba kwa haki gani?

Mama mkwe wa Noela, bibi mpole aliyejifunga kitenge kipya, alimwona pembeni.

"Na huyu baba ni nani?"

"Ni kaka yangu, mama," Noela alisema. "Tumbo moja."

"Tumbo moja? Mbona siku ile hatukumwona?"

Noela aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Sikuwepo," alisema Aminiel.

Bibi aliitikia marahaba, akamhurumia kwa macho, akageuka. Mtoto aliwekwa mikononi mwa Rogath. Rogath alimtazama usoni na sura yake ikalainika, kwa sababu yeye naye alikuwa na baba aliyelala kaburini, naye alimpenda. Alifanya kile ambacho mwana yeyote angefanya.

"Mimi namwita Damasi," alisema, "jina la baba yangu."

Vigelegele vilipaa. Aminiel alipiga makofi pamoja na wengine. Hakuna aliyemdhulumu, angekuwa amedhulumiwa angepata pa kushtakia. Noela alimchukua mtoto, akavuka ua mzima, akamletea.

"Mpokee mjomba wako," alimwambia mtoto, na sauti yake ilikuwa karibu kama ile ya zamani, lakini si ile.

Aminiel alimpakata. Mtoto alikuwa na paji la Mzee Adrian, lilelile, pana, na jina likampanda Aminiel mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Karibu Babati, Damasi," alisema.

Kweli, asiyekuwapo na lake halipo.