Zizi Halichungwi

Zizi halichungwi. Mwenyekiti wetu aliyatamka maneno hayo leo asubuhi, muuguzi alipofunga zahanati na kwenda kuwachanja watoto wa wafugaji kule mbugani, nanyi mmenijia mkiuliza maana yake nini na nani aliyeanza kuyasema. Kaeni basi, wajukuu zangu. Nitawaeleza kama mama yangu alivyonieleza, maana yeye alikuwapo.

Zamani hizo hapa Mwitanda kanisa lilikuwa jipya, na viongozi wake walikuwa wageni wanaopita. Watu waliwaita padri, neno lililoletwa pwani na Wareno, au kasisi, ambalo lina asili ya Kiarabu. Waliyapokea maneno hayo kama walivyopokea chumvi ya dukani, bila kuuliza ilichimbwa wapi. Lakini siku Yeremia Chidawali alipoletwa kuwa kiongozi wa kanisa, kijana wa nchi hii hii, aliyezaliwa kijiji cha pili, alitambulishwa kwa jina la Mchungaji. Hapo watu walitazamana. Neno hilo walilijua. Hapa Ugogo mtoto hulijua kabla hajaota meno ya pili.

Mzee Masima, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote hapa na ambaye hakuwa muumini, alisimama akauliza kwa upole huyu kijana anachunga nini. Aliambiwa kuwa anachunga watu. Masima akasema kwamba neno hilo ni zito. Aliyepeleka mbuzi malishoni siku moja amechunga tu, bado hajawa mchungaji. Lile "ji" la mwisho, kama la mfugaji au la mwimbaji, ni la mtu anayefanya leo, kesho na mtondogoo, kwenye jua na kwenye mvua, mpaka kazi inakuwa ndiyo yeye mwenyewe. Kisha akasema ataendelea kumwita mwana wa Chidawali, mpaka aone. Watu walicheka. Yeremia naye alicheka kidogo, lakini mkewe, Nyemo, alimwambia mama yangu miaka mingi baadaye kwamba maneno yale yalimkaa mumewe moyoni kama mwiba.

Wakajenga kanisa la mawe. Lilikuwa la kwanza kuezekwa mabati upande huu, na kila nyumba ilibeba mawe yake, hata nyumba ambazo hazikuwa na muumini. Kasisi Mkuu Stefano Mwaluko alikuja kulifungua, akamkabidhi Yeremia ufunguo mbele ya watu wote, akamwagiza alitunze kama mboni ya jicho.

Ndipo mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza watu walivumilia. Mwaka wa pili mtama ulikauka ukiwa kimo cha goti, visima vikatoa tope, na ng'ombe wakaanza kuanguka. Masima akakata shauri kuhamia mto wa kusini, ambako maji hufukuliwa mchangani hata kiangazi. Jamaa zake wakamfuata, majirani wakafuata, na waumini wakafuata pia, kwa kuwa njaa haiulizi dini ya mtu. Mama yangu alikuwa msichana wa kuchota maji. Alisema waliondoka bila kelele, kama watu wanaotoka msibani.

Jumapili iliyofuata Yeremia aligonga kengele. Walikuja Nyemo, mzee wa kanisa Lukasi Madeha, na vikongwe wawili ambao miguu yao haikuweza safari. Alianza kuhubiri, akasita katikati, akawaombea waliokuwapo na kumaliza. Nje ya mlango akamwambia Lukasi kwamba anakwenda mtoni.

Lukasi alikuwa mtu mwaminifu, na aliogopa. Alimkumbusha agizo la Kasisi Mkuu. Alimwambia kuwa kwenye njaa iliyopita kanisa moja la udongo liling'olewa milango ikawa kuni, na kwamba huenda chakula cha msaada kikaletwa, tena kitaletwa kanisani, na asipokuwapo wa kukipokea kitapita. Yeremia alisikiliza yote. Hilo la mwisho alikiri kuwa ni kweli. Lakini alimwachia Lukasi ufunguo, akamwomba awaangalie wale bibi wawili. Akamwambia Nyemo abaki.

"Mimi nibaki na nani?" Nyemo akauliza, akaenda kufunga mzigo.

Walifuata nyayo za ng'ombe. Siku ya pili, karibu na kijito kikavu, waliona moshi mwembamba. Chini ya kichaka alikuwa Matika, mke wa mtoto mkubwa wa Masima, na pembeni yake mama mkwe wake. Matika alikuwa amejifungua njiani. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kusimama. Wanaume walikuwa wametangulia kuwaokoa ng'ombe, wakaahidi kurudi, ila hawakuwa wamerudi, na kibuyu cha maji kilikuwa kikavu.

Yeremia alivua shati akaanza kufukua mchanga wa kile kijito. Kijana wa kuchunga hujua kuchagua mahali, pale mto unapopinda na nyasi zimechelewa kukauka. Alifukua mpaka mikono ikatoka damu, na shimo likawa refu hata ukimtazama humwoni ila kichwa. Maji yalipokuja yalikuwa machache, ya rangi ya maziwa. Nyemo aliyachuja kwa khanga yake, akamnywesha Matika kwanza. Wakakaa nao pale mpaka miguu ikapungua uvimbe, kisha wakaondoka pole pole, Yeremia akimbeba yule mama mkwe mgongoni kila palipokuwa na mwinuko, na Nyemo akiwa na mtoto.

Njiani walikutana na mume wa Matika akirudi mbio. Alikuwa amechelewa kwa sababu ng'ombe walitawanyika kufuata harufu ya maji na yeye akapoteza njia akiwatafuta. Alipomwona mkewe anatembea, alikaa chini palepale akalia.

Walipofika kambini kule mtoni, Masima aliwatazama wote, akampokea mjukuu wake. Yeremia alianza kazi. Alifukua visima na wenzake, alizika waliokufa, wa kanisa na wasio wa kanisa, na jioni aliimba na waliotaka kuimba. Walipogombania maji aliketi kati yao mpaka wakapatana zamu.

Ndipo Kasisi Mkuu akafika. Alikuja kwa punda, Lukasi akimtangulia kwa miguu, na uso wake ulikuwa umejaa vumbi na hasira. Mikokoteni ya mahindi ilikuwa imefika Mwitanda, ikamkuta Lukasi na vikongwe wawili, na wasimamizi wake wakataka kuipeleka kwingine, maana hapakuwa na kanisa la kulisha. Kasisi Mkuu aliwaomba wasubiri kidogo. Watu wakasikia hayo. Baadhi walimgeukia Yeremia, na macho yao hayakuwa ya shukrani.

"Nilikukabidhi kanisa," Kasisi Mkuu alisema.

"Ni kweli, baba."

"Ukaliacha. Na sasa watu hawa wangekosa chakula kwa ajili yako. Utajibu nini?"

Yeremia akasema, "Nimekosa kwa kutotuma mtu kwako kukuambia tuko wapi. Hilo nimekosa, baba, na ninaomba msamaha. Lakini mimi nimekua nikichunga mbuzi wa baba yangu. Mbuzi wakitoka, hakuna anayebaki nyumbani kulinda miiba ya zizi. Zizi halichungwi. Uliniita mchungaji, nami nikafuata kundi."

Masima akainuka, mtoto akiwa bado mikononi mwake.

"Mgeni wangu," alisema, "mimi si wa kanisa lako. Siku ya kwanza niliuliza huyu anachunga nini. Sasa nimeona. Mchungaji huyu asiondolewe kwetu."

Mama yangu alisema hapo ndipo Kasisi Mkuu alipoomba maji. Alikunywa, akarudisha kibuyu, akakaa mchangani pamoja nao. Yeye naye alikuwa mtoto wa mfugaji. Alimwambia Lukasi arudi na kijana mwenye miguu myepesi, akawaambie wenye mikokoteni kwamba kanisa la Mwitanda liko mtoni, na mahindi yaletwe huko. Kisha akawaombea, na usiku huo hakurudi kwake.

Mahindi yalikuja. Hayakuwashibisha, lakini yaliwafikisha kwenye mvua, na mvua iliponyesha walirudi wote, ng'ombe waliobaki wakiwa mbele na watoto juu ya punda. Upepo ulikuwa umeng'oa sehemu ya mabati, na mchwa walikuwa wamekula mlango. Lukasi aliona aibu, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Yeremia alimshika mkono, wakaingia. Jumapili ile mvua ilidondoka katikati ya kanisa, na watu walijaa hadi nje, wakisogeleana wasilowe, wakiimba kwa sauti iliyozidi ngurumo.

Tangu hapo hapa kwetu, mwalimu akimfuata nyumbani mtoto aliyeacha shule, au mganga akiacha kiti chake akaenda kwa mgonjwa, watu husema neno lile. Jengo ni jema, na cheo ni chema, lakini aliokabidhiwa mtu ni wenye pumzi.

Ndiyo maana yake, wajukuu zangu. Zizi halichungwi.